Uzazi Kupungua na Watu Kuongezeka: Mambo Yampasayo Mchungaji Kuyaelewa

Wachungaji wengi wamepata kusikia kauli mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani. Kauli ya kwanza husema kwamba watu wamezidi: ardhi imekwisha, shule zimejaa, na kila nyumba ina vijana wasio na kazi. Ya pili husema kwamba watu wanakwisha: wanawake wa siku hizi hawazai kama mama zao, koo zitatoweka, na usharika utabaki na wazee watupu. Kauli hizi hutolewa katika vikao vya wazee wa kanisa, katika nasaha za arusi, na hata penye matanga. Na mara nyingine hutolewa na mtu yule yule, asubuhi akilalamikia wingi wa watoto wa jirani na jioni akilalamikia uchache wa wajukuu wake. Hatusemi hivyo kwa kumcheka. Mtu huyo ameona mambo mawili yaliyo kweli, ila hakupata wa kumweleza jinsi yanavyoungana.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi yanavyoungana. Tunawaandikia watumishi wa Kanisa na wale wanaojiandaa kuwa watumishi, kwa sababu maneno ya mchungaji juu ya uzazi hayapotei hewani. Humwangukia mtu fulani aliyeketi kwenye benchi, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke: yule asiye na mtoto, yule mwenye mabinti wawili tu, au yule aliyezaa wanane na kuambiwa kwamba yeye ndiye chanzo cha umaskini wa nchi.

Neno "uzazi" na utata wake

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. Wataalamu wa takwimu wanaposema kwamba "uzazi umepungua," wasikilizaji wengi huelewa kwamba uwezo wa kuzaa umepungua, yaani ugumba umeenea. Hapo huanza kutafutwa mchawi wake: vidonge, vyakula vya dukani, mbolea, au chanjo. Lakini mtaalamu hakusema neno lolote juu ya uwezo wa mwili. Amesema tu kwamba wanawake wamezaa watoto wachache zaidi, kwa sababu yoyote iwayo, na mara nyingi kwa kutaka kwao wenyewe. Lugha yetu inatumia neno moja kwa mambo mawili, na kosa hili si la wajinga. Hata mtu aliyesoma hulifanya.

Jambo la pili ni lile tarakimu linaloitwa kiwango cha uzazi. Tunasoma kwamba katika Tanzania, kwa utafiti wa mwaka 2022, wastani ulikuwa watoto 4.8 kwa mwanamke. Bila shaka hakuna mama mwenye watoto wanne na sehemu nane za mtoto. Tena tarakimu hiyo haihesabu watoto wa mwanamke yeyote aliyepo. Watafiti huchukua wanawake wa kila rika, kuanzia miaka 15 hadi 49, huwauliza wamezaa lini na wangapi katika miaka michache iliyotangulia, kisha hukisia: kama msichana mmoja angepita katika marika hayo yote na kuzaa kama wanavyozaa wanawake wa leo wa kila rika, angepata watoto wangapi? Mwanamke huyo ni wa kufikirika. Yafaa kumkumbuka, maana kuna nyakati ambapo tarakimu hushuka kwa sababu tu vijana wameahirisha kuzaa, wala si kwa sababu wamekataa. Nchi ya Sweden ni mfano mzuri: mwaka 1990 wastani wake ulikuwa zaidi kidogo ya 2.1, mwaka 1999 ukashuka hadi 1.5, mwaka 2010 ukapanda tena hadi karibu 2, na mwaka 2024 ukawa 1.43. Mtu aliyetabiri mwisho wa Waswidi mwaka 1999 angeaibika mwaka 2010, na aliyeshangilia mwaka 2010 angenyamaza mwaka 2024.

Wachungaji waliohesabu

Huenda msomaji akauliza: je, mambo haya si ya maofisa wa serikali? Historia yajibu kwamba ni yetu tangu mwanzo. Mmoja wa waasisi wa elimu hii ya hesabu za watu alikuwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Peter Süssmilch, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufariki mwaka 1767. Kabla ya kuitwa kuhudumu Berlin alikuwa kasisi wa jeshi la Prussia, na mwaka 1741 alitoa kitabu kikubwa juu ya utaratibu wa Mungu katika mabadiliko ya wanadamu, yaani katika kuzaliwa, kufa na kuongezeka kwao. Hakuwa na sensa. Alikuwa na vitabu vya usharika: ubatizo, ndoa, na mazishi. Alivikusanya, akavijumlisha, akaona jambo ambalo mchungaji mmoja katika kijiji kimoja asingeweza kuliona. Katika kijiji mwaka huu huzaliwa wavulana tu, mwaka ujao wasichana tu. Lakini ukiunganisha vijiji vingi, huzaliwa wavulana 21 hivi kwa kila wasichana 20, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba kuna mkono uliopima. Tena kwa kuwa wavulana hufa zaidi utotoni, hesabu yao hukaribia kulingana na ya wasichana wafikapo umri wa kuoana. Süssmilch aliona humo hekima ya Muumba, tena hoja ya kutetea ndoa ya mke mmoja. Tunaweza kukubali au kukataa teolojia yake. Tarakimu zake zimesimama hadi leo.

Katika Sweden, ambayo wakati huo iliitawala pia Finland, wachungaji waliagizwa tangu mwaka 1749 kujaza majedwali ya waliozaliwa, waliokufa na waliopo katika kila usharika. Hizo ndizo takwimu za taifa zima zilizoendelea bila kukatika kwa muda mrefu kuliko zote ulimwenguni, na ziliandikwa kwa kalamu za Walutheri. Wakuu wa nchi walipojumlisha mara ya kwanza waliona kwamba watu ni wachache kuliko walivyodhani, nao wakazifanya tarakimu hizo kuwa siri kwa miaka kadhaa, adui asijue. Basi hofu ya kwamba "watu hawatoshi" si jambo jipya.

Mia moja, mia sita, mia tisa

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Twaomba msomaji achukue kalamu afuatane nasi, maana hesabu yenyewe ni ndogo, na asiyeifanya kwa mkono wake mara nyingi haiamini.

Tuseme katika tarafa moja wapo wanawake 100, na kila mmoja amezaa watoto 6. Watoto wote ni 600. Tuseme nusu yao ni wasichana, na wote wamekua. Tunao wanawake 300. Hao mabinti wameamua kuzaa nusu ya mama zao, yaani watoto 3 kila mmoja. Bibi zao wanasikitika na kusema kwamba uzazi umekwisha. Lakini 300 mara 3 ni 900. Shule iliyopokea watoto 600 sasa inapokea 900. Mwalimu mkuu anasema watoto wamezidi, bibi anasema watoto wamepungua, na wote wawili wanasema kweli: mmoja anatazama nyumba, mwingine anatazama tarafa.

Tuendelee hatua moja. Kati ya hao 900, wasichana ni 450. Kila mmoja akizaa 2 tu, watoto watakuwa 900 tena. Hata sasa watu hawajapungua. Bado wanaongezeka, kwa kuwa wale 900 wanachukua nafasi ya kizazi cha mwanzo ambacho kilikuwa kidogo. Basi lipunguzapo mwendo kwenye mteremko halijaanza kurudi lilikotoka. Ili hesabu ya watu ianze kushuka, hapana budi uzazi ukae chini kwa muda mrefu, mpaka vile vizazi vikubwa vizeeke na kupita. Hilo huchukua miaka hamsini, sitini, au zaidi.

Katika mfano wetu hatukuhesabu vifo, na tumelinganisha wavulana na wasichana sawasawa. Katika maisha halisi huzaliwa wavulana 105 hivi kwa wasichana 100, na wapo wasichana wanaokufa kabla ya kuzaa. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba wastani unaotosha kuziba pengo la wazazi si 2 bali ni 2.1 hivi, na mahali ambapo vifo vya watoto ni vingi hupita hapo.

Hayo si mafumbo ya ubaoni. Kenya, ambayo mwaka 1967 ilitangulia nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kwa kuwa na mpango rasmi wa uzazi, ilikuwa na wastani wa watoto 8.1 kwa mwanamke katika utafiti wa mwaka 1977 na 1978. Mwaka 1989 wastani ulikuwa 6.7, mwaka 1998 ukawa 4.7, na mwaka 2022 ukawa 3.4. Mteremko huo ulistaajabisha ulimwengu. Na je, Wakenya walipungua? Sensa ya mwaka 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, ile ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 47.6. Wametokea kuwa mara tatu. Hata hivyo tusidhani kwamba mteremko hufuata mstari ulionyooka: kati ya mwaka 1998 na 2003 wastani wa Kenya uligoma, ukapanda kidogo hadi 4.9, kisha ukaendelea kushuka. Aidha wastani wa taifa huficha mengi, kwa kuwa mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na 2.5 na Mandera 7.7. Hizo ni dunia mbili ndani ya nchi moja.

Kwetu Tanzania mwendo umekuwa wa polepole zaidi. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 1988, milioni 23.1, ya 2012, milioni 44.9, na ya 2022, milioni 61.7. Wakati huo huo wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.2 katika utafiti wa mwaka 1991 na 1992 hadi 4.8 mwaka 2022. Lakini lililo gumu zaidi kwa wasikilizaji wetu ni hili: kati ya sensa ya mwaka 2002 na ile ya 2012 watu waliongezeka kwa asilimia 2.7 kila mwaka, na kati ya 2012 na 2022 kwa asilimia 3.2. Uzazi umeshuka, na kasi ya kuongezeka imepanda! Aliyefanya ile hesabu ya mabinti 300 hatashangaa. Akina mama ni wengi kuliko zamani, na watoto wao hawafi kama zamani.

Kwa nini huzaliwa wachache

Hapa ndipo palipo na neno ambalo mchungaji analielewa kuliko mtakwimu. Katika utafiti wa mwaka 1991 na 1992, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini mwetu, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 43. Maana yake ni kwamba zamani mtoto 1 kati ya 7 alizikwa akiwa mdogo. Siku hizi ni 1 kati ya 23. Bado ni wengi, na kila mmoja ana jina. Lakini badiliko hilo limegeuza nyumba zetu kuliko mabadiliko mengi ya siasa.

Watu husema kwamba wazee wetu walikuwa na watoto wengi. Walizaa wengi, kuwa nao ni jambo jingine. Hata nyumba ya Mtengenezaji haikuepushwa. Martin Luther na Katharina von Bora walizaa watoto sita. Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa mchanga, na Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na umri wa miaka 13, babaye akimlilia kama alilavyo mzazi yeyote. Wanne tu ndio waliokua. Na hiyo ilikuwa nyumba yenye chakula, tena ilikuwa mjini. Mzazi asiyejua ni wangapi watakaobaki huzaa kwa tahadhari, kama mkulima atiaye mbegu tatu katika shimo moja. Akisha kuona kwamba mbegu huota zote, hubadili desturi yake, ila si mara moja. Kwanza watoto huanza kuishi. Wazazi hukawia kuamini. Baada ya kizazi kimoja au viwili ndipo uzazi hufuata. Katika pengo lile, kati ya kuishi kwa watoto na kuamini kwa wazazi, ndimo taifa huongezeka kwa kasi. Sisi tumo ndani ya pengo hilo.

Sababu nyingine zajulikana: binti akaaye shuleni huolewa baadaye, maisha ya mjini hufanya mtoto agharimu kodi ya nyumba na ada badala ya kuongeza mikono shambani, huduma za uzazi wa majira zimefika hata vijijini. Mwaka 2022 wastani wa vijijini ulikuwa 5.5 na wa mijini 3.6. Na wale watokao Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa na mtu juu ya ardhi. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana wanne, na sehemu ya kila mwana ikagawanywa tena, hadi migomba ya mjukuu ikahesabika kwa vidole. Hapakuhitajika semina. Mkoa huo ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo nchini, na kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wake waliongezeka kwa asilimia 1.3 tu kila mwaka.

Hapa tutoe tahadhari. Mchungaji wa usharika wa mlimani akiona watoto wa shule ya Jumapili wamepungua, asiharakishe kusema kwamba Wachagga wanakwisha. Wengi wamehamia Arusha, Dar es Salaam na Mwanza, na mchungaji mwenzake wa huko anaongeza ibada ya tatu kwa kukosa nafasi. Kuzaa, kufa na kuhama ni mambo matatu, na hesabu ya mahali pamoja huyachanganya yote.

Hofu mbili

Hofu ya wingi ilipata msemaji wake mkuu mwaka 1798, naye pia alikuwa mtumishi wa Kanisa: Thomas Malthus, kasisi wa Kianglikana, aliyefundisha kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Karne ya ishirini iliichukua hofu hiyo na kuifanya sera. India, wakati wa hali ya hatari kati ya mwaka 1975 na 1977, iliwafunga uzazi mamilioni ya watu, wengi kwa kulazimishwa. China ilianzisha agizo la mtoto mmoja karibu mwaka 1980 na kuliacha mwishoni mwa mwaka 2015. Tangu mwaka 2022 wanaokufa nchini humo ni wengi kuliko wanaozaliwa. Kwa hiyo mwanakwaya atuambiapo kwamba uzazi wa majira ni njama ya wageni, tusimdharau. Hofu yake haikuzuka yenyewe. Serikali zimewahi kuihesabu miili ya maskini kama mzigo, na mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 ulihitaji kutamka kwamba uamuzi wa kuzaa ni wa watu wenyewe, hasa mwanamke, wala si chombo cha kutimiza malengo ya tarakimu. Jibu la haki kwa mwanakwaya huyo ni kumpa habari kamili, pamoja na zile zinazotuaibisha.

Hofu ya uchache nayo ina wasemaji. Mwezi wa Septemba mwaka 2018, hayati Rais John Magufuli, akihutubia wananchi mkoani Simiyu, aliwashauri wasisikilize ushauri wa kupanga uzazi, akaona kuwa wanaofanya hivyo wanakwepa kazi ya kulea. Maneno yale yalipokewa kwa makofi na wengine, kwa masikitiko na wengine. Sisi twasema tu kwamba taifa lililoongezeka kwa karibu milioni 17 katika miaka kumi halikuwa katika hatari ya kwisha.

Wapo pia watumishi wanaokumbuka miaka ambayo hofu ya uchache ilikuwa na machozi ndani yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wachungaji wa Bukoba na Muleba walizika vijana siku baada ya siku, na walioona nyumba zikibaki na bibi na yatima walisema kwamba nchi inakwisha. Nani angewakanusha, wakiwa wamesimama makaburini? Lakini sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu milioni 1.3 katika mkoa huo, na ile ya mwaka 2002 ilihesabu zaidi ya milioni 2. Msiba ulikuwa wa kweli na ongezeko lilikuwa la kweli. Tunataja jambo hili kwa sababu linatufundisha unyenyekevu: hata shahidi mwaminifu aliyeona kwa macho yake anaweza asione umbo la jambo zima.

Tena wako ndugu zetu wa Ulaya. Wageni kutoka makanisa rafiki ya Ujerumani hutuambia kwamba makanisa yao yanauzwa, na wasikilizaji wetu husema: ni kwa sababu hawazai. Ni kweli kwa sehemu. Tangu mwaka 1972 wanaokufa Ujerumani wamezidi wanaozaliwa kila mwaka. Hata hivyo idadi ya watu wa nchi hiyo haikuporomoka, kwa kuwa wahamiaji waliingia. Ni hesabu ya Wakristo iliyoporomoka, kwa kuwa wengi pia walijiondoa katika Kanisa kwa hiari yao. Anayedhani kwamba wingi wa watoto ungeliokoa Kanisa lile hajatazama ni wangapi waliobatizwa wakaondoka.

Maandiko

Hatutaandika hapa teolojia nzima ya ndoa. Yatosha kuonyesha mahali ambapo mahubiri yetu huteleza. Andiko la Mwanzo 1:28 huhubiriwa kana kwamba ni deni ambalo kila nyumba hulipa kwa idadi ya watoto. Lakini maneno ya namna hiyo hiyo yalikuwa yamekwisha kutamkwa katika mstari wa 22 juu ya samaki na ndege, na Maandiko yenyewe huyaita baraka. Samaki hadaiwi. Yeremia 29:6, ambapo wahamishwa wa Babeli wanaambiwa waongezeke, ni barua kwa watu waliokata tamaa, kwamba maisha yaendelee hata ugenini. Si kanuni ya idadi. Na katika Isaya 56, towashi, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mti mkavu, anaahidiwa kumbukumbu iliyo bora kuliko wana na binti. Mchungaji anayemwombea tumbo mwanamke asiye na mtoto kila Jumapili mbele ya usharika, bila kumwuliza kama anataka kuombewa hivyo, huenda hajalisoma andiko hilo mbele yake.

Wapo pia wanaoogopa kuhesabu watu, wakitaja dhambi ya Daudi katika 2 Samweli 24. Waambiwe kwamba kitabu kizima cha Agano la Kale kinaitwa Hesabu, na kwamba katika sura yake ya kwanza Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza watu wahesabiwe.

Vitabu vyetu wenyewe

Twarudi pale alipoanzia Süssmilch. Kila usharika wetu una vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, na sharika za kale zina vitabu vilivyoanza wakati wa wamisionari wa Leipzig na Betheli. Sensa za nchi yetu hazijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, kwa hiyo hakuna ofisi itakayotuambia habari za washarika wetu kama sisi wenyewe hatukuziandika. Tungependa kila mwanafunzi aendaye kwenye mazoezi ya huduma apewe kazi hii: achukue kitabu cha ndoa cha miaka arobaini, aone umri wa mabibi arusi umepandaje, kisha achukue kitabu cha mazishi, ahesabu watoto na wazee katika kila mwongo wa miaka.

Asome kwa uangalifu. Ubatizo si kuzaliwa: wengine hubatizwa wakiwa watu wazima, wengine huchelewa hadi baba apate nafasi ya kuja kutoka mjini, na wengine wazazi wao wamehamia dhehebu jingine. Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa huenda hawakuandikwa kabisa, na hapo kitabu chetu chenyewe kimewasahau wale ambao mama zao hawajawasahau.

Kuanzia sasa yafaa katibu wa usharika aandike tarehe ya kuzaliwa mbali na tarehe ya ubatizo. Umri wa mama. Mtoto ni wa ngapi, na wangapi wa mama huyo wako hai. Na familia ikihama, imekwenda wapi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2008 na kupata kipaimara mwaka 2022 atatimiza miaka 60 mwaka 2068. Kundi lake ni kubwa kuliko lolote lililolitangulia, na wana watakaolitunza watakuwa wachache kwa kila mzee kuliko tulivyozoea. Tunapopanga viwanja vya dayosisi na kusema hapa patakuwa shule, na pale pia shule, kitabu hicho kiwe juu ya meza.